Habari za Kale Hazisomwi kwa Kunakili



Naomba nafasi katika gazeti letu niseme jambo lililonikaa rohoni tangu mwaka jana, nalo lahusu namna vijana wetu wanavyofundishwa historia katika vyuo vikuu. Najua wasomaji wengi watauliza, Mwalimu huyu wa shamba ana haki gani kuwasemesha maprofesa? Haki yangu ni kwamba vijana hao wakiisha kufundishwa huletwa kwangu, na watoto wanaofundishwa nao ni watoto wenu.

Mwaka jana kijana mmoja aliletwa katika shule yetu ya sekondari, huku upande wa Songea, kufanya mazoezi ya kufundisha. Ni kijana mwema, mwenye adabu, asiyechelewa kengele, naye alikuwa amebakiza muhula mmoja tu apate digrii yake ya ualimu wa historia. Siku hiyo alifundisha Vita vya Majimaji. Akaandika ubaoni sababu za vita, ya kwanza hata ya sita, kisha matokeo ya vita, la kwanza hata la saba, na watoto wakanakili kimya kimya. Ndipo binti mmoja akanyosha mkono, akasema, "Mwalimu, bibi yangu asema babu wa baba yake alinyongwa pale mjini pamoja na Nduna Songea Mbano. Je, jina lake limeandikwa mahali?" Kijana akanyamaza kidogo, akalitazama daftari lake, akajibu, "Hilo halimo katika muhtasari." Wakaendelea na matokeo ya vita.

Mimi nalikuwa nimeketi nyuma ya darasa, nami naliona haya, si kwa ajili yake, bali kwa ajili yetu sote. Masomo yalipokwisha nikamwita chini ya mwembe, nikamwuliza kama katika miaka yake yote chuoni alipata kufungua jalada moja katika Nyaraka za Taifa kule Dar es Salaam. Akasema hapana. Je, alipata kuketi na mzee na kuandika maneno yake? Hapana. Je, alipata kuingia Makumbusho ya Majimaji hapa Songea, mahali lilipo kaburi la pamoja la hao walionyongwa tarehe 27 Februari 1906? Akasema aliyaona akipita ndani ya basi. Kisha akaniambia kwa unyofu ambao nalimpenda kwao, "Mwalimu, hakuna aliyeniagiza hata moja la hayo. Tulipewa mihadhara, tukapewa makaratasi ya kusoma, tukatahiniwa katika hayo makaratasi."

Basi simlaumu kijana. Nawalaumu waliomtuma na mikono mitupu.

Kijana anayejifunza useremala katika karakana za misheni hapewi cheti kwa kuwa ameandika vema sifa za randa na patasi. Hupewa mbao. Huiharibu ya kwanza, akaiharibu ya pili, na mlango wake wa kwanza hukataa kufunga. Ndipo fundi wake amwonyesha alipokosea kipimo. Na msichana anayejifunza uuguzi haachwi kumaliza masomo pasipo kumgusa mgonjwa. Mwanafunzi wa historia peke yake ndiye anayeweza kukaa miaka mitatu akipokea milango iliyokwisha kutengenezwa na watu wengine, akaihesabu, akaisifu, kisha akatoka akiitwa fundi. Siku ya kwanza mtoto amwulizapo jambo ambalo halina mlango tayari, hana la kufanya, maana hajapata kushika msumeno.

Mtu anayejua kwamba vita fulani ilikuwa na sababu sita ajua orodha. Historia yaanza pale anapoweza kuuliza, Ni nani aliyesema hivi? Alikuwa wapi siku ile? Aliona kwa macho yake au alisikia? Alikuwa na faida gani kusema hivi na si vile? Hata Mtakatifu Luka, alipotaka kumwandikia Theofilo, alikuta wengine wamekwisha kuandika kabla yake, wala hakuridhika kunakili. Alizifuatia habari tangu mwanzo na kuzipanga, akikumbuka walioziona tangu asili. Ajabu ni kwamba sisi tunaoisoma Injili yake kila Jumapili twaona si kitu watoto wetu wafundishwe kunakili tu.

Wala asidhani mtu kwamba nadai jambo jipya lililoletwa kwa meli. Jambo hili lilifanyika katika nchi yetu wenyewe, na vijana wetu wenyewe, yapata miaka sitini sasa. Mwaka 1968 chuo cha Dar es Salaam kilikuwa bado ni sehemu ya Chuo Kikuu cha Afrika Mashariki, na idara yake ya historia ilikuwa changa. Walimu wa idara hiyo, mmoja wao akiwa John Iliffe, waliwatuma wanafunzi waende vijijini katika nchi zile zilizopiganwa Vita vya Majimaji mwaka 1905 hata 1907, wawahoji wazee. Fikirini hesabu yake: aliyekuwa na miaka 15 vita vilipoanza alikuwa na miaka 78 mwaka ule wa 1968. Wazee wenyewe walikuwa wangali barazani, na kwa miaka michache tu iliyobaki. Wanafunzi wakaenda na daftari zao, wakauliza kwa lugha za kwao, wakaandika, wakarudi. Karatasi zao zikakusanywa chuoni mwaka 1968 na 1969, nazo hata leo watu wa mataifa mengine huzitaja wakiandika juu ya vita hivyo.

Na hawakuokota makombo. Karatasi za Wadachi ziliwajua wakubwa wa serikali, tarehe za mapigano, na hesabu za askari. Kazi ya Gilbert Gwassa, aliyewahoji wazee wa Umatumbi na kandokando yake na kumaliza kitabu chake cha udaktari mwaka 1973, ndiyo iliyotueleza kwa mapana habari za Kinjikitile Ngwale wa Ngarambe: jinsi wazee walivyosimulia kwamba pepo alimchukua akazama katika maji ya mto, akatoka siku ya pili mzima, na jinsi watu walivyofunga safari kwa makundi kwenda kwake kuchukua maji. Serikali ilimnyonga kule Mohoro tarehe 4 Agosti 1905, siku chache tu baada ya watu kung'oa pamba kule Nandete. Na juu ya hiyo pamba, ni jambo moja kusoma kwamba serikali iliweka mpango wa kuwalimisha watu siku 28 kwa mwaka katika mashamba ya majumbe, na ni jambo jingine kumsikia mzee aliyeilima akikuonyesha kwa mkono lilipokuwa shamba, na lilipokuwa shamba lake mwenyewe lililomea majani wakati ule. Tamthilia ya Ebrahim Hussein iitwayo Kinjeketile, ambayo wengi wetu tumeisoma shuleni, ilitoka mwaka 1969, katika siku hizo hizo ambazo chuo kilikuwa kimefungua masikio.

Tena mwaka 1973 Iliffe alitoa kitabu cha maisha ya Watanzania wa zamani zetu, ambacho sehemu kubwa yake ni insha za wanafunzi. Vijana wale hawakuwa malaika, wala hawakuwa na werevu kuwapita vijana wa leo. Tofauti ni kwamba waliagizwa.

Wako watakaonijibu kwamba kazi ile ya mwaka 1968 ilikuwa na kasoro. Wasema kweli, nami sitaificha. Uhuru ulikuwa wa mwaka 1961, na kila mtu, aliyeuliza na aliyejibu, alipenda kusikia kwamba makabila yote yalisimama kama mtu mmoja. Wataalamu waliokuja baadaye wameyachungua hayo tena. Thaddeus Sunseri aliandika mwaka 1997 kwamba huko Uzaramo yapasa kutazama njaa, nguruwe mwitu walioharibu mashamba, na taabu ya wanawake walioachiwa kulima peke yao. Mwaka 2010 James Giblin na Jamie Monson wakatoa kitabu cha waandishi wengi kilichoyapima upya mambo ya vita hivyo, kila nchi kwa namna yake. Lakini angalieni jambo moja. Wataalamu hao waliwezaje kuzirudia karatasi za wanafunzi wale na kuzipima? Ni kwa sababu karatasi zile zilitaja ni nani aliyesema, na wapi, na lini. Neno lenye shahidi laweza kusahihishwa baada ya miaka arobaini. Orodha ya sababu sita iliyonakiliwa ubaoni haina shahidi. Mtu aweza kuifuta tu.

Jibu la pili husemwa na watu wa makamo wenye vyeo, kwamba wazee husahau, na wengine huongopa. Ni kweli. Na karatasi je? Gustav Adolf von Götzen, aliyekuwa gavana wakati wa vita, aliandika kitabu juu ya vita hivyo mwaka 1909. Yuko wapi mtu atakayesema kwamba gavana alikuwa shahidi asiye na upande? Juu ya watu waliokufa, hesabu ya Wadachi ilikuwa 75,000. Gwassa alikadiria kati ya 250,000 na 300,000, wengi wao kwa njaa iliyofuata baada ya mashamba na maghala kuchomwa. Kijana wangu alikuwa ameandika ubaoni hesabu moja tu kati ya hizo, wala hakujua kwamba iko ya pili. Simtaki achague ile inayompendeza. Namtaka ajue kwamba hesabu huhesabiwa na mtu, na kwamba kuna kazi ya kumtafuta mtu huyo na kumwuliza alihesabuje. Kazi hiyo haifundishwi kwa mdomo, kama vile kuogelea hakufundishwi kwa mdomo.

Jibu la tatu ni la fedha na wingi wa wanafunzi, nalo ndilo zito. Vyuo vya leo vimejaa. Mhadhiri mmoja aweza kuwa na mamia ya wanafunzi mbele yake, wengine wamesimama madirishani; atawapelekaje wote Nyaraka za Taifa? Nakubali hawezi. Lakini kijana yule alikaa kijijini kwetu wiki nane kwa mazoezi ya kufundisha, na kila mwaka hurudi kwao likizoni, ambako bibi yake na babu yake wako hapo hapo penye jiko. Ni nauli gani inayotakiwa? Laiti chuo kingemwagiza kila mwanafunzi arudi na mazungumzo ya mzee mmoja tu, yaliyoandikwa kwa maneno yake mwenyewe na kwa lugha yake mwenyewe, na karatasi moja ya kale ya kuyapimia mazungumzo hayo, ingekuwa mwanzo. Mhadhiri asiyeweza kusoma insha ndefu mia tatu aweza kusoma kurasa mbili mbili. Na siku hizi ambapo simu ya mkononi yaweza kumtungia mwanafunzi insha nzima juu ya sababu za vita yoyote wakati yeye anakunywa chai, sielewi ni nini tena wanachotahini vyuoni. Simu haijapata kuketi na bibi wa binti yule.

Yamkini msomaji asema moyoni, Wazee wa Majimaji wamekwisha kufa wote, tumechelewa. Wa Majimaji, naam. Lakini wako watu wangali hai, wazee sana, waliochukuliwa na SILABU, ile ofisi ya kuandika wafanyakazi wa mkonge iliyoanzishwa mwaka 1944, wakapelekwa Tanga kuwa manamba. Wengine wangali na vipande vyao sandukuni, vyenye alama ya kila siku ya kazi. Na mwaka 1974, katika Operesheni Vijiji, watu walihamishwa kutoka mashamba ya baba zao. Aliyekuwa kijana wa miaka 20 wakati ule amekwisha kupita 70. Nani ameandika alichokiacha nyuma, na mwembe uliobaki, na makaburi yaliyobaki? Baada ya miaka ishirini tutaombwa tuandike ubaoni matokeo ya Operesheni Vijiji, la kwanza hata la saba.

Kuna jambo jingine, na hili ndilo linalonikosesha usingizi. Tarehe 1 Novemba 2023 Rais wa Ujerumani, Frank-Walter Steinmeier, alifika Songea, akaketi na wazao wa Nduna Songea Mbano, akaomba msamaha kwa yaliyotendwa na Wajerumani, akaahidi kusaidia kulitafuta fuvu la Nduna, ambalo inasemekana lilichukuliwa likapelekwa kwao. Mwaka huo huo watu wa makumbusho ya Berlin walitangaza kwamba wamechunguza mafuvu zaidi ya 1,100 yaliyotoka Afrika Mashariki, na karibu 200 kati yake yaonekana yametoka nchi ambayo sasa ni Tanzania. Na machache yalipatikana kuwa na ndugu wa damu walio hai huku kwetu. Sasa nauliza. Fuvu huwa na namba, na namba hiyo imo katika daftari, na daftari limeandikwa Kijerumani kwa mwandiko wa zamani ambao Wajerumani wenyewe wengi wao hawausomi tena. Ni nani atakayekwenda kulisoma kwa niaba yetu? Ni nani atakayejua kulilinganisha jina lililoandikwa vibaya na daktari wa jeshi na jina ambalo ukoo walitamka? Hiyo ni kazi ya mtu wa historia, na mtu huyo hapatikani kwa kuandikiwa ubaoni. Tukikosa kumlea, tutangoja tena wageni watuambie mifupa ya nani ni ya nani.

Nimewasema wakubwa wa vyuo, sasa niruhusuni niseme na sisi wenyewe, maana hatuna mikono safi. Nalikuwapo katika kanisa moja siku waumini walipokuwa wakisafisha sakristia ya zamani ili wajenge mpya. Wakatoa sanduku la mbao lililoliwa pembe na mchwa. Ndani yake zilikuwamo daftari za ubatizo, cheti za ndoa, na daftari la mahudhurio ya shule ya makatekista. Mzee mmoja wa kanisa akasema, "Takataka," likachomwa pamoja na majani. Mimi nalifika moto ukiisha. Msomaji asidhani daftari la ubatizo ni majina tu. Ndani yake kuna kijiji cha mzazi, na msimamizi ni nani, na mtoto amezaliwa lini; mwanafunzi mwenye subira aweza kuona humo mwaka ambao akina baba walikuwa mbali mkongeni, mwaka ambao watoto wengi walizikwa, na mwaka ambao watu walianza kuwapa watoto majina ya Kizungu wakiacha ya ukoo. Hakuna wizara iliyoandika mambo hayo kwa ajili ya vijiji vyetu. Aliyeandika ni katekista mwenye kalamu ya wino.

Najua pia kwamba wengi wenu mmechoka na watafiti. Huja na gari, huuliza maswali, hupiga picha, hurudi kwao, na kijiji hakioni hata ukurasa mmoja. Malalamiko hayo ni ya haki. Basi tuwaambie tangu mlangoni: maneno ya mzee yataandikwa mara mbili, na nakala moja itabaki hapa, shuleni au parokiani, na jina la aliyesema litawekwa ikiwa mwenyewe amekubali. Mtu anayekataa sharti hilo na aende zake. Lakini kijana anayelikubali tusimfukuze kwa kumwambia kwamba mambo ya kale ni ya kishenzi. Nimesikia neno hilo likisemwa na Wakristo wenzangu, na hali padre wa misheni alikwenda gerezani kuwabatiza baadhi ya hao waliongoja kunyongwa mwaka 1906. Misheni ya Peramiho ilichomwa katika vita vile, na Askofu Cassian Spiss, aliyeianzisha mwaka 1898, aliuawa tarehe 14 Agosti 1905 pamoja na watawa wenzake. Habari ya Askofu twaisimulia kanisani. Habari ya waliobatizwa gerezani nani aisimulia? Zote mbili ni habari za nyumba moja.

Narudi kwa kijana wangu. Baada ya mazungumzo yetu chini ya mwembe alikwenda mwenyewe, siku ya Jumamosi, nyumbani kwa bibi wa binti yule, na binti akawa mkalimani pale Kingoni cha bibi kilipomshinda. Bibi akalitaja jina la mzee wake, na ukoo wake, na mto alikokaa; akasema gerezani alipewa jina jingine, la dini, lakini hilo hakuambiwa. Jumamosi ya pili wakaenda watatu mpaka makumbusho, wakasoma majina. Wakapata jina linalofanana nalo, ila tamko la mwisho si lile. Ndugu mdogo wa bibi, alipoulizwa, akakana kabisa, akasema mzee yule hakunyongwa Songea, alikufa kwa njaa porini, na kwamba dada yake amechanganya ndugu wawili. Kijana akaandika maneno ya bibi upande mmoja wa daftari, na maneno ya ndugu yake upande wa pili, na tarehe, akaniachia nakala. Nalimwona siku ile akiuliza maswali kama mtu aliyeamshwa usingizini.

Mwezi uliopita aliniandikia kwamba amefaulu, na kwamba katika mtihani wa mwisho waliulizwa wataje sababu sita za Vita vya Majimaji, naye akazitaja zote. Juu ya daftari la bibi, asema, hakuna mtu chuoni aliyemwuliza neno.